Mukono haufunguki kwa lati

Kila mara tunapokusanya maandiko juu ya mila, tunarudi kwa mambo yale yale: ndoa, majina ya watoto, matanga, ngoma, chakula cha wazee. Ni vizuri. Lakini juu ya kuchora hakuna mutu anayesema kitu. Juu ya nini? Kwa sababu wengi wetu tunafikiri kuchora ni kitu ya masomo, kitu iliyofika na muzungu pamoja na kreyo na kaye. Mimi nakataa. Kuchora kulikuwa hapa mbele ya kreyo, kulikuwa na walimu wake na namna yake ya kufundisha, na ile namna ilikuwa na akili kuliko hii tunayoitumia leo katika masomo yetu na (munisamehe, ndugu) katika mashindano ya mashirika yetu ya utamaduni.

Tuangalie kwanza leo. Mwalimu anaingia, anachora mutungi juu ya tablo. Anauchora kwa lati, ile rula ya mbao, upande wa kuume na upande wa kushoto sawasawa, kana kwamba mama aliyefinyanga mutungi alikuwa na lati. Watoto wanakopia. Anayekosa anasikia neno moja tu: «Futa!» Anafuta kwa gome. Anachora tena, anafuta tena, mpaka karatasi inatoboka, na kwa kutoboa karatasi anapoteza pointi. Mwisho wa saa, kaye iliyo safi kuliko zote inapita katika mikono ya darasa lote: «Munaona? Njo vile banachoraka.» Na mwenye kaye ile, ukimwomba achore kuku anayepita nje, anakaa kimya, maana kuku hakai sawa vile mutungi ulikaa juu ya tablo.

Mutoto wa miaka 4 anaokota kipande cha makala jikoni, anachora mutu mwenye kichwa kikubwa ukutani, anacheka, mama yake anagomba. Hana woga hata kidogo. Yule yule, akifika miaka 12, mupe karatasi, atakuambia: «Mie sijue kuchora, njo mwenzangu anajua.» Kati ya miaka 4 na 12 kumepita nini? Hakugonjwa mukono. Amekutana na gome na lati, na amekutana na watu wazima wanaopenda usafi kuliko kitu kingine.

Watu wananijibu: «Kuchora ni zawadi ya Mungu, iko mu damu. Mwenye hana, hana.» Maneno haya ni matamu sana kwa mwalimu muvivu, kwa kuwa yanamuondolea kazi. Mbona hatuyasemi juu ya gitare? Katika kila muji wa inchi yetu kuna kijana aliyeanza na gitare ya kopo na waya za frein ya baiskeli. Ndugu zake wamevumilia miezi mingi ya makelele. Hakuna aliyemwambia: usiguse waya mpaka siku utakapopiga wimbo mzima bila kukosa. Na juu ya mupira, nani alimukataza mutoto kupiga mupira wa makaratasi na mifuko eti kwa sababu anapiga vibaya? Kwa gitare na kwa mupira tunakubali kwamba mutu anapiga vibaya kwanza, tena muda murefu, na ndani ya ule ubaya mwili unajifunza. Ni kwa kuchora tu tunadai uzuri siku ya kwanza.

Sasa twende kwa wazee. Huku Lualaba, upande wa Dilolo na Sandoa, wako Watchokwe, sawasawa na ndugu zao wa Angola na Zambia. Kwao kuna michoro ya muchanga inayoitwa sona. Mumoja tu ni lusona. Mwenye kujua anasafisha mahali na kulinganisha muchanga kwa kiganja. Halafu anatia alama za vituo kwa ncha za vidole viwili. Kisha anasogeza mukono ili kidole kimoja kiingie katika tundu lililoachwa na kile kingine, na hivi nafasi kati ya vituo inabaki moja, bila lati. Mukono wenyewe ndio kipimo. Vituo vikimalizika anaanza mustari. Kidole kinapita kati ya vituo, kinazunguka, kinarudi, kinajikata chenyewe, na hakiinuki mpaka kifike mahali kilipoanzia. Anafanya hivyo huku anasimulia: hadisi, kitendawili, habari za munyama au za mukubwa fulani. Akisita, akisimama kutafuta njia, wanaoangalia wanatabasamu kwa kumucheka, maana kusita ni alama kwamba hajajua bado.

Fikiri juu ya jambo hili, ndugu musomaji. Kosa kubwa kule si mustari uliopinda. Ni kusita. Sisi tumegeuza mambo: kwetu mutoto anaruhusiwa kusita saa nzima, mradi mustari wake uwe sawa.

Mutu asiniambie kwamba hii ilikuwa michezo bila akili. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu wa Msumbiji aliyekufa katika mwaka wa 2014, aliandika vitabu juu ya sona na kuonyesha hesabu iliyo ndani yake. Ujaribu mwenyewe. Weka safu 3 za vituo, kila safu vituo 4. Anza mustari kandokando, uende kimshazari kati ya vituo, na ukifika pembeni geuka sawa mupira unavyogonga ukuta na kurudi. Utapita mahali pote na kurudi ulipoanzia kwa mustari mumoja. Vilevile na 5 kwa 6. Lakini ukiweka 4 kwa 6, mustari utarudi mapema, na utalazimika kuanza mustari wa pili, kwa sababu 4 na 6 zote zinagawanyika kwa 2. Wale wazee hawakuandika kanuni hii juu ya tablo. Waliijua kwa kidole.

Na waliijua namna gani? Kwa kurudia. Vijana walijifunza sona nyepesi ndani ya mukanda, pale porini wanapotahiriwa na kufundishwa. Zile ngumu zilibaki kwa wajuzi, ambao walizipokeza kwa watoto wao. Angalia ile karatasi yao: muchanga. Hauna bei. Ukikosa, kiganja kinapita na unaanza upya kutoka mwanzo. Gome inafuta kipande ili uhifadhi kipande kingine, ndiyo maana inamufanya mutu aogope. Muchanga unafuta vyote na kukurudisha kwenye kituo cha kwanza, na hakuna aliyehesabu mara ngapi umekosa. Mutoto anayerudia mchoro mumoja mara hamsini juu ya muchanga mukono wake unalegea, na siku atakapochora mbele ya watu hatahitaji ujasiri, mwili utakuwa umekwisha kujua njia.

Katika mwezi wa 12 wa mwaka 2023, sona iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Iliandikwa kwa jina la Angola. Nawapongeza ndugu zetu wa Angola, walifanya kazi yao. Lakini sisi, ambao tuna Watchokwe ndani ya inchi yetu wenyewe, tulikuwa wapi? Tulikuwa tunagawa zawadi kwa makopi ya masks.

Tusifikiri ni Watchokwe peke yao. Mwanzo wa karne ya 20, Emil Torday, Muhongaria aliyetembelea Wakuba wa Kasai, alikuta watoto wanacheza chini kwa kuchora katika muchanga michoro ya mustari usiokatika, na wakamwambia naye ajaribu. Walikuwa watoto, si mafundi wa mufalme! Mutu anayestaajabu mbele ya nguo za Kuba, na ile mistari yake inayoingiana na kuachana, akumbuke kwamba mikono ile ilianza kucheza chini, katika vumbi.

Na kuta? Katika mwaka wa 1926, mutumishi mumoja wa serikali ya Ubelgiji, Georges Thiry, aliona pale Bukama nyumba zilizochorwa kuta zake. Ndipo alipokutana na Albert Lubaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga pembe za ndovu. Akamupa karatasi na rangi. Bibi ya Lubaki, Antoinette, naye alichora. Katika mwaka wa 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Watu wanasimulia habari hii kana kwamba karatasi ya Thiry ndiyo ilifanya muchoraji. Hapana. Angalia zile picha: munyama mumoja, mutu mumoja, muti, na nafasi kubwa nyeupe kandokando, mustari unaotembea bila kuomba ruhusa. Huo ni mukono wa mutu aliyezoea ukuta, mutu anayechora kwa bega. Mutoto wetu wa masomo anachora kwa ncha za vidole vitatu, kifundo kimefungwa, pua iko juu ya kaye. Hata Lubaki mwenyewe angekaa vile angekosa.

Hapa najua kuna wasomaji watakaoleta Hangar. Haya, tuseme juu ya Hangar. Pierre Romain-Desfossés, Mufaransa, aliifungua Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika mwaka wa 1946. Hakutaka wanafunzi wakopie picha za Ulaya. Aliwaambia waangalie kile kilicho mbele yao, majani, samaki, ndege, na watafute kila mumoja njia yake. Bela akachora kwa ncha za vidole vyake. Mwenze Kibwanga akajaza picha yake na vimistari vifupi vinavyokimbizana. Pilipili Mulongoy akafanya samaki na nyoka na ndege, na nyuma yao tundutundu ndogo zisizohesabika. Watatu, chumba kimoja, na huwezi kuchanganya kazi zao hata kidogo.

Sehemu hiyo naisifu bila kujificha: aliondoa woga. Lakini sikubaliani na wale wanaomufanya kuwa nabii. Alikuwa na tabia ya baba mukubwa mbele ya watoto, na nyuma ya kukataza picha za Ulaya kulikuwa wazo kwamba Mwafrika ana usafi fulani wa kulindwa, sawa munyama katika parke. Mutu mzima anayo haki ya kuona picha zote za dunia na kuchagua. Alipokufa katika mwaka wa 1954, wanafunzi wake waliingizwa katika Académie aliyoianzisha Laurent Moonens katika 1951, kule kulikokuwa na masomo ya namna ya Ulaya, na Pilipili hakupoteza samaki wake kwa sababu hiyo. Basi kulegeza mukono si kukataa kujifunza. Wale wanaosema «muwaache tu watoto, bachore vile banapenda» hawajaelewa kuliko wale wa lati. Mwenye sona hakuachwa tu. Alikuwa na vituo, alikuwa na mzee mbele yake, alikuwa na watu wa kumucheka.

Tena kuna wachoraji ambao wasomi wetu wanawadharau, wale wa barabarani. Katika miaka ya 1970, hapa Katanga, nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha salon: mamba muntu na nyoka wake, Colonie belge na fimbo yake, kijiji cha zamani. Muchoraji alifanya mamba muntu leo, kesho mamba muntu, wiki ijayo mamba muntu, kwa sababu njo ile watu walinunua. Wasomi wakasema: si sanaa, ni kurudia. Lakini Tshibumba Kanda Matulu alitoka pale pale. Alichora juu ya nguo za mifuko ya unga, na kati ya 1973 na 1974 alimuchorea Johannes Fabian historia nzima ya inchi yetu katika picha karibu 100. Mutu asiyekuwa na mukono uliolegezwa na picha za kuuza asingeweza kumaliza historia ile, angekuwa angali anafuta pua ya Léopold II.

Naona nimesema mengi juu ya wakubwa. Turudi kwa anayeanza, awe mutoto, awe baba wa miaka 50 aliyeambiwa zamani kwamba hajui.

Asikae kwanza. Asimame. Karatasi ya mufuko wa simenti, ikung'utwe vizuri, ipigiliwe ukutani kwa urefu wa kifua. Kreyo nzito au kipande cha makala. Atikise mukono kama mutu anayekausha maji. Halafu achore mizunguko mikubwa ya kadiri ya sahani, mumoja juu ya mwingine, ishirini, thelathini, bila kusimama, na mwendo utoke begani. Ya kwanza itakuwa mayai na viazi. Iache. Kufika ya kumi na tano hivi, bega lenyewe litaanza kusawazisha, na mutu atastaajabu kwa sababu hakufanya nguvu. Kweli nguvu ndiyo iliyokuwa inaharibu. Kisha aweke vituo viwili mbali na aunganishe kwa pigo moja, macho yakiangalia kituo cha kufikia, si ncha ya makala. Mwendesha baiskeli anayeangalia tairi lake anaanguka.

Baada ya siku kadhaa za kazi hii, atoke nje. Nani wa kuchora? Mimi nasema: mama anayetwanga sombe. Hakuna modele muzuri kuliko yeye. Mutu aliyekaa tuli anakushawishi kuhesabu vifungo vya shati lake, lakini mama anayetwanga anainua muchi, anashuka, anainua, na kila mara mwili wake unarudi mahali pale pale, kwa hiyo ulichokikosa katika pigo la kwanza utakipata katika pigo la tano. Chora mustari mumoja wa mgongo, kutoka shingoni mpaka kisigino. Halafu mikono na muchi kama kitu kimoja. Uso, acha. Nguo, acha. Nusu dakika, karatasi nyingine. Mwombe ruhusa kwanza, bila shaka, na usishangae akikuambia uje utwange. Fundi cherehani naye ni muzuri, na kijana anayepompa tairi. Kuku ni wa mwisho; kuku ni mugumu.

Gome ibaki nyumbani. Mustari ukikosa, tia wa pili kandokando yake, na wa tatu. Macho ya anayeangalia yatachagua yenyewe ulio kweli, na wewe utaona umekosa wapi na kwa kiasi gani. Mwenye kufuta hana kumbukumbu ya kosa lake, ndiyo maana analirudia.

Walimu wananiambia: feza iko wapi, kaye moja ya dessin ni bei kwa muzazi. Ninyi munaosema hivyo, ndio hao hao munaomudai mutoto kaye safi, kreyo ya namba fulani, gome nyeupe na lati ya sentimita 30! Hesabuni sasa bei ya muchanga wa kiwanja cha masomo, bei ya makala, bei ya upande wa nyuma wa sillabus za zamani. Masomo ya maskini yamechagua namna ya kuchora iliyo ghali, yakaiacha ile ya bure iliyokuwa ya babu zao, halafu yanalia ufukara. Wengine wanasema atakayekuwa architecte atahitaji lati. Ndiyo, na atapewa, katika saa ya dessin technique. Lati ni chombo kizuri cha kazi yake. Haikuumbwa kuwa mwalimu wa kwanza wa mukono.

Ninabaki na sisi wenyewe, watu wa mashirika ya utamaduni. Nimekaa zaidi ya mara moja katika meza ya kutoa zawadi, na najua namna inavyokwenda. Tunaandika katika tangazo: «Mila zetu». Watoto wanaleta kifwebe iliyokopiwa kutoka kalenda, mistari imehesabiwa, imepakwa bila kutoka nje. Tunapiga makofi, tunasema mila haijakufa. Lakini mutoto huyu hajaona kifwebe ikicheza, na mchongaji wa kifwebe hakukopia kalenda. Alichonga vibaya kwanza, kando ya mzee wake, juu ya vipande vya miti vilivyoishia katika moto wa jikoni. Sisi tunahifadhi kile kilichotoka mikononi na kutupa namna mikono ilivyotengenezwa. Na wasichana? Hesabuni katika mashindano yajayo wasichana wangapi wamebaki baada ya miaka 13, katika inchi ambayo wamama ndio waliofinyanga mitungi na kushona mapambo ya nguo za Kuba.

Nina ombi moja kwa kamati, na nitalisimamia katika mukutano. Mwaka ujao kila mutoto asilete picha moja. Alete kaye nzima au fungu zima la karatasi, angalau kurasa 50, bila kitu kilichofutwa, chafu jinsi zilivyo, na sisi wa meza ya zawadi tuzipitie zote kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, tuone mukono umetoka wapi na umefika wapi. Asubuhi ya siku ile, tumwage tani moja ya muchanga kiwanjani, na tumwalike mzee kutoka upande wa Dilolo, tumulipe usafiri na chakula na mushahara wake kama tunavyomulipa mutu wa orkestra. Mutu wa kamati atakayepinga kwa sababu ya uchafu, naye atapewa nafasi: ashuke, apige magoti, atie vituo 5 kwa 6, na ajaribu kumaliza bila kuinua kidole.